Wazee Waliotembea Mpaka Mlingotini

Nyumbani kwetu Kiswahili kiliingia kwa mlango wa mapenzi. Baba alikuwa askari jela, mzaliwa wa ng'ambo ya Ziwa Kyoga. Mama alikuwa Msoga wa Budondo. Walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakaazima ya tatu, ile ya kwenye lindo na sokoni, wakailainisha kidogo kidogo mpaka ikawa ya jikoni. Nililelewa ndani yake. Ndiyo maana wanajeshi walipotwaa nchi na Kiswahili kikawa sauti ya kusimamishwa barabarani usiku, mimi niliendelea kuota ndoto nzuri kwacho. Nilipomwita baba dirishani, majirani walinyamaza, na mimi nilisikia tu mama akipuliza moto.

Katika miaka ninayoikumbuka hapa mama alikwisha fariki. Tulimzika Budondo kwa ndugu zake, kwa sababu njia ya kwenda kaskazini ilikuwa na vizuizi vingi na baba hakutaka jeneza lifunguliwe kila mahali. Yeye mwenyewe alikwisha staafu. Alipanga chumba Namakwekwe, mjini Mbale, mji aliowahi kufanyia kazi kabla ya kuhamishiwa Jinja, na humo aliishi kwa pensheni yake. Alipenda kukaa mlangoni akiutazama mlima Wanale. Mvua ikinyesha huko juu, maji yalishuka kwenye jabali kama uzi mweupe, na baba aliweza kuutazama uzi ule tangu chai mpaka chakula cha mchana.

Mimi niliishi Jinja, katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba, nikifanya kazi ya kusokota nyuzi kiwandani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alikuwa kwenye njia ya Kenya. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukaingia uchochoroni mwetu, na sisi wanawake wa zamu ya kwanza tulitembea ndani yake tukiwa vichwa na mabega tu. Mashine nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukosa vipuri. Zile zilizobaki zililia polepole, na mara nyingi nilisimama mbele ya uzi nikiwa nusu nimelala, nikidhani ni ule uzi wa maji wa Wanale.

Mtu aliyekuwa akinitembelea sana ni mjomba, kaka wa mama. Alilima pamba na kahawa Budondo. Jumamosi alikuja na viazi vitamu kwenye baiskeli, akaketi, akanywa maji, kisha akaanza kumlalamikia baba ambaye hayupo.

"Shemeji yangu yule," alisema, "amekaa Mbale anatazama mlima. Mimi nimeinama shambani ili yeye atazame mlima."

"Mjomba, baba alifanya kazi maisha yake yote."

"Kazi gani? Kufungua mlango na kuufunga?"

Alisema hivyo kwa sababu ya kodi ya kichwa. Kila mwanamume aliilipa na kupewa tiketi, na asiyekuwa na tiketi alifungwa. Baba, katika ujana wake, aliwahi kuwalinda watu waliofungwa kwa kukosa tiketi, na mmoja wao alikuwa baba yake mjomba, babu yangu mimi. Jambo hilo halikusemwa mbele ya baba. Lilikuwa likitembea tu chini ya maneno mengine.

Wakikutana, mjomba alimwambia waziwazi, "Shemeji, unakula jasho langu." Na baba alijibu kwa upole uliomuudhi mjomba zaidi: "Nakula ujana wangu, shemeji. Waliukata kwenye mshahara, wakauweka. Sasa wananirudishia kipande kipande."

"Kama waliuweka, mbona kila mwaka wanakuja kwangu?"

Sidhani kama hata wakubwa wenyewe walikuwa na jibu la swali hilo.

Kisha redio ikatangaza kwamba serikali inabadili utaratibu wa pensheni. Ilisemwa kwamba wafu wanakula jasho la raia, kwamba wako watu waliozikwa zamani na majina yao bado yanalipwa. Kwa hiyo kila mstaafu afike mwenyewe, kwa mwili wake, mbele ya ofisa wa jeshi katika mji aliostaafia, na atakayeonekana yu hai ndiye atakayeendelea kulipwa. Baba alikuwa amestaafia Jinja.

Siku zile neno "fikeni" liliwafanya watu wapige hesabu nyingine kabisa. Wako waliowahi kuitwa na hawakurudi. Nilimpelekea baba ujumbe kwa dereva mmoja: asije, tutaishi kwa mshahara wangu. Akaja. Alishuka kwenye garimoshi akiwa amevaa koti lake la kanisani, na fimbo ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Fimbo ya nini, baba?"

"Ya mbwa," alisema.

Kumbe nyonga ilikuwa imemharibikia. Usiku ule nilimwona akiuinua mguu kwa mikono miwili kuupandisha kitandani, kama mtu anayepakia mzigo wa mwingine.

"Kama ni mtego?" nilimuuliza.

"Kama ni mtego, nitafia humo nikiwa mtu mwenye jina. Nikikaa Mbale, watasema nimekufa, na mimi nitakuwa nawasikia wakisema."

Mjomba alikuwa ametuma neno kwamba asubuhi atakuja kutusindikiza. "Nataka kuona pesa zangu zikienda," ndivyo alivyosema, lakini nilimjua. Alikuwa na hofu kama mimi. Kulipambazuka, tukamngoja mlangoni, ukungu ukapita, watu wa zamu ya kwanza wakapita, yeye asitokee. Tukaenda wenyewe, pole pole, baba akisimama kila baada ya miti michache na kujifanya anatazama ndege.

Uwanja ulikuwa nyuma ya ofisi za serikali, nyasi fupi zenye umande, na katikati mlingoti wa bendera. Wazee walikuwa wamejaa upande mmoja, wameketi chini: walimu, wakunga, makarani, watu wa barabara na wa posta. Nakumbuka ukimya wao. Watu ambao maisha yao yote waliita majina ya wengine darasani na hospitalini, sasa wanangoja kuitwa. Jua lilipochomoza mvuke ulianza kupanda kutoka kwenye makoti yao, na kwa kitambo niliwaona kama watu wanaoondoka kidogo kidogo huku wameketi. Nikajisugua macho.

Upande wa pili wa uwanja waliketi wanaume wengine, wamefungwa kamba kiwiko kwa kiwiko. Hao walikuwa wamekamatwa alfajiri kwenye kizuizi cha barabara kwa kukosa tiketi za kodi. Nilipita juu yao kwa macho tu, kwani ilikuwa kawaida. Kisha macho yalirudi yenyewe. Wa katikati alikuwa mjomba.

Siku zote alipokuwa hana tiketi alipita njia za mashambani. Siku ile alitaka kuwahi, akashika barabara kuu.

Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo: usije. Baba naye alimwona. Mkono wake ulihama juu ya fimbo.

Ofisa alitoka na kikombe cha chai. Alikuwa kijana, macho yake mekundu kwa usingizi, sauti yake ya chini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Serikali iko choka," alisema. "Raia nalipa kodi, raia nachoka, nyinyi nakula. Wengine iko kufa zamani, bado nakula. Leo mimi nataka mtu mzima tu. Unaona mlingoti? Mtu nakwenda mpaka pale, nashika, narudi hapa kwa karani. Kama narudi, iko mzima. Kama harudi, tunafuta."

Wazee walitazamana. Kisha karani akaanza kuita, nao wakaanza kutembea.

Sijapata kuona jambo kama lile tena. Mmoja mmoja walivuka nyasi zile, wengine kwa haraka kama wanaochelewa shule, wengine wakinyata. Mwalimu mmoja alifika mlingotini akavua kofia. Bibi mmoja mnene, mkunga mstaafu, aliushika mlingoti kwa mikono yote miwili akaupumzikia, na aliporudi alimwambia karani kwa sauti, "Huko ni mbali, mwanangu, lakini nilimzalisha mama yako mbali zaidi." Wazee wakacheka, hata askari mmoja akacheka, na hofu ikapungua. Mimi nilisinzia kwa macho wazi. Nilianza kuona kwamba wanatembea kwenda mahali ambapo sote tunakwenda, na kwamba ajabu yao ni kurudi tu.

Akaitwa baba.

Alimpa mjane aliyekuwa karibu naye fimbo amshikie. Sijui kwa nini. Pengine aliona askari jela hatembei na fimbo mbele ya bendera. Alikwenda wima, mikono ikipiga kama gwaride, na kutoka nyuma alionekana kijana kabisa, yule wa kwenye picha ya harusi. Alifika. Aliushika mlingoti. Akageuka, mguu ukabaki nyuma, naye akaanguka.

Nilisimama. Askari akaniwekea bunduki mbele ya kifua, pole pole, kama mtu anayefunga geti. "Wewe kaa. Mzee naamka mwenyewe."

Baba alijaribu. Alifika magotini, akarudi chini. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama, na yeye alikuwa anatazama nyasi. Ofisa alikunywa chai.

"Huyu harudi," alimwambia karani. "Futa."

Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa pili. Mjomba hakukijua Kiswahili vizuri. Kwake ilikuwa lugha ya watu wanaokuja kuchukua kitu, na nyumbani kwetu alikizungumza kwa kununa. Lakini alikizungumza siku ile.

"Afande, naomba kusema."

"Nani nakuita wewe?"

"Hakuna mtu naniita. Umesema raia anachoka. Raia ni mimi."

Ofisa alishusha kikombe. "Wewe halipi kodi. Ndiyo sababu iko na kamba."

"Mwaka huu sijalipa, afande. Pamba yangu walichukua, wakanipa kikaratasi, pesa haijakuja. Lakini tangu kijana nalipa. Mzee huyu anakula, na mimi namtukana, kila siku namtukana. Uliza mtoto wake yule." Alinielekeza kwa kidevu. "Kama kuna mtu ana haki ya kumkasirikia, ni mimi. Sasa mimi nasema sijakasirika. Alipwe."

Kisha akaanza kutembea.

Alikuwa amesahau kamba, au hakusahau. Kamba ilivuta wa kulia kwake na wa kushoto kwake, wakayumba, wakasimama, nao wakawavuta waliofuata, mpaka safu yote ikawa imesimama. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wakulima na wabeba mizigo na vijana wa sokoni, watu waliokuwa na kila sababu ya kuketi kimya, na sasa wanavuka uwanja bega kwa bega kama watu wanaokokota wavu. Askari mmoja alipiga kelele. Mwingine alikoki bunduki, nikaisikia. Hawakusimama, na pia hawakuharakisha. Nyasi zililala chini ya miguu yao na kuacha njia pana ya kijani kibichi kwenye umande. Nilifikiri: sasa watapigwa risasi, na hata hivyo jambo hili litabaki zuri hivi hivi.

Ofisa alikuwa ameinua mkono. Mpaka leo sijui ulikuwa mkono wa kusema "pigeni" au wa kusema "ngojeni." Ulibaki hewani.

Walifika mlingotini. Mjomba aliinama, na kwa sababu ya kamba wote wakainama. Wakamwinua baba. Viwiko vilikuwa vimefungwa lakini viganja vilikuwa huru, na baba akalala juu ya viganja vile, wakamgeuza, wakamleta. Waliposimama mbele ya meza, nilisikia baba akimwambia mjomba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umechelewa, shemeji."

"Kulikuwa na watu barabarani," mjomba alijibu.

Ofisa aliwatazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulishuka. Akamuuliza karani, "Narudi ao harudi?"

Karani alikuwa mtu mzima mwenye miwani. "Amerudi, afande."

"Andika."

Kisha akamwonyesha mjomba kwa kikombe. "Na huyu raia, peleka."

Walimpiga hapo hapo, mbele yetu, mijeledi ambayo sikuihesabu kwa sababu nilifumba macho. Baba hakufumba. Aliniambia baadaye kwamba katika kazi yake aliwahi kutazama mengi kwa sababu aliamriwa, na lile alilitazama kwa hiari, ili mjomba asiwe peke yake.

Mjomba alifungwa. Baba hakurudi Mbale. Alikaa nami siku chache mpaka nyonga ikatulia, kisha akaniambia nimpeleke Budondo. Alisema kahawa ya mjomba itaanguka chini na hakuna mwanamume wa kuichuma. Mke wa mjomba, mwanamke mcheshi, alimpokea kwa heshima, akampa kiti chini ya paa la jikoni, kisha akaona jinsi anavyoshika jembe, akaenda kucheka nyuma ya nyumba. Baba hakujua kulima. Alipalilia akiwa ameketi kwenye kigoda, akikisogeza mbele kidogo kidogo, na mara mbili aling'oa maharagwe yenyewe.

Pensheni ilipolipwa, alinichukua twende jela. Alitaka kulipa kodi ya mjomba ili atolewe. Tulisimama kwenye uzio wa shamba la wafungwa. Mjomba alikuja na panga la kukatia nyasi, amekonda, kichwa kimenyolewa.

"Rudisha hizo," alisema baada ya kusikiliza. "Utaninunuaje kwa pesa yangu mwenyewe?"

"Ni yangu, shemeji. Nilitembea kuipata."

"Ulitembea nusu. Nusu nilitembea mimi." Akaweka panga begani. "Nunua chumvi nyumbani. Na mwambie mke wangu nitatoka mvua zikianza."

Baba alijaribu kumsihi, akashindwa, akaanza kumwuliza anachopewa kula, anapolala, nani mlinzi wa zamu ya usiku. Halafu nilimwona ameshika waya wa uzio. Akasema, "Baba yako nilimlinda hapa. Alikuwa analala upande wa mashariki."

Jambo lile lilikuwa limekaa kati yao tangu harusi. Mjomba alitazama majengo.

"Alitwambia," alisema. "Alisema kulikuwa na askari mrefu wa kaskazini, hajui kusema naye, lakini asubuhi alimwachia jua. Alimwacha akae nje mpaka wakubwa waje." Kisha akarudi kwenye nyasi zake.

Tulitembea mpaka Walukuba. Baba alikuwa akilia, na machozi yake yalikuwa ya taratibu, bila shida, yakimtoka kama jasho la mtu anayetembea juani.

Mjomba alitoka mvua zilipoanza, akakuta shamba limepaliliwa vibaya na shemeji yake amekuwa mwenyeji. Hakumwambia aondoke. Wakaishi hivyo miaka yote iliyobakia ya utawala ule, wakibishana kila jioni. Mjomba aliendelea kusema anakula jasho lake, lakini sasa alikuwa akisema huku anamsogezea sahani ya viazi. Nilipokwenda huko mwisho wa juma niliwakuta wameketi kwenye magunia, kahawa imeanikwa mbele yao, hakuna mnunuzi, sauti ya maporomoko ya mto ikija na kuondoka kwa upepo, nami nililala usingizi wa mchana hapo kwenye mkeka nikiwasikia kwa mbali.

Pensheni yenyewe ilififia. Haikufutwa. Bei zilipanda tu mpaka pesa iliyolisha mtu mmoja mwezi mzima ikawa ya kununua chumvi, kisha ya nauli ya kwenda kuichukua. Baba aliendelea kwenda. Mjomba aliendelea kulipa kodi alipopata, na alipokosa akapita mashambani.

Vita vilikuja, wanajeshi wakakimbia kupitia kwetu wakielekea mashariki, na baada ya kelele kuisha baba alifariki usingizini, Budondo. Tulimzika kando ya mama. Baada ya matanga niliitwa Jinja. Utawala ulikuwa mpya, lakini karani alikuwa yule yule wa miwani. Alitaka mtu athibitishe kwamba mzee amekufa kweli. Mjomba akasema atakuja nami.

"Wewe ni nani wake?" karani alimuuliza.

"Mimi nilikuwa namlipa," mjomba alisema.

Karani aliinua macho, akamtambua. Kisha akatulipa malipo ya mwisho, na dukani yakatutoshea kipande cha sabuni. Wakati ule sabuni ilikuwa adimu, tukaifunga kwenye jani la mgomba na kurudi nayo. Kesho yake mke wa mjomba alifulia nguo za msiba, na povu lilikuwa jingi kuliko tulivyotegemea.